Ufunguo Mpya wa Gari Unapokataliwa na Antidemaraji

Magari mengi yanayotembea Lubumbashi yalifika hapa yakiwa yamekwisha kutumika Japani au Ulaya, yakapitia Dar es Salaam au Durban na kuingilia mpakani Kasumbalesa, na mengi kati yake yalikabidhiwa kwa mwenyewe yakiwa na ufunguo mmoja tu. Siku ufunguo huo unapopotea katika soko la Kenya hapa mjini, au unapovunjika kichwa, mwenye gari hutafuta mwingine, hulipa, kisha hukuta kwamba chuma kinaingia na kuzunguka vizuri lakini injini haikubali kuwaka. Hapo hushukiwa antidemaraji, yaani ulinzi wa gari unaozuia injini kuwaka kwa ufunguo usiotambuliwa, na huanza safari ya kutoka kwa fundi huyu hadi kwa yule, na kila mmoja hutaja sababu yake na bei yake. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyefikwa na hali hiyo, na pia kwa fundi kijana anayeanza kazi ya funguo, ili watoke kwenye dalili hadi kwenye chanzo bila kubahatisha.

Ufunguo mmoja una sehemu tatu

Watu wengi hutibu sehemu isiyoumwa kwa sababu hawakuutenganisha ufunguo kwanza. Sehemu ya kwanza ni chuma, ambacho kazi yake ni kufungua kufuli na kuzungusha kontakti, yaani swichi ya kuwashia gari. Sehemu ya pili ni chipu, kipande kidogo kilichofichwa ndani ya plastiki ya kichwa. Baadhi ya chipu ni nyeusi na zina umbo la kabari, nyingine ni vijibomba vya kioo virefu kidogo kuliko punje ya mchele. Sehemu ya tatu, ambayo si kila ufunguo unayo, ni remoti ya kufungulia milango.

Chipu haina betri. Kuizunguka kontakti kuna pete ya plastiki yenye nyaya nyembamba za shaba, nayo hurusha mawimbi ya kilohezi 125 katika magari mengi, au kilohezi 134.2 katika yale yanayotumia chipu za Texas Instruments. Mawimbi hayo ndiyo yanayoipa chipu nguvu ya kujibu kwa namba yake, na kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wetu huiita kalkilateri, huruhusu mafuta na moto wa plagi pale tu inapolitambua jibu hilo. Remoti, kwa upande wake, ina betri yake ya volti 3 na mawimbi yake tofauti kabisa. Kwa hiyo, katika gari la kuzungusha ufunguo, betri ya remoti iliyokufa haizuii injini kuwaka, na remoti inayofungua milango haithibitishi hata kidogo kwamba chipu imesajiliwa, yaani imeandikwa katika kumbukumbu ya gari. Ninalirudia jambo hili kwa kila mteja, kwa sababu karibu kila wiki mtu hunijia akisema kwamba ufunguo ni mzima kwa kuwa milango inafunguka.

Taa ndogo kwenye dashibodi

Kabla ya kuchomeka mashine yoyote ya uchunguzi, kaa kwenye kiti cha dereva na uitazame taa yenye alama ya ufunguo au ya gari lenye kufuli. Gari likiwa limezimwa na ufunguo umetolewa, katika magari mengi taa hiyo hupepesa polepole, na maana yake ni kwamba ulinzi uko kazini. Ukiingiza ufunguo unaotambuliwa na kufungua kontakti, taa ya Toyota huzima mara moja. Taa ya kijani ya Honda huwaka kwa sekunde chache kisha huzima. Katika Volkswagen huonekana kwa muda mfupi na kupotea. Ikiendelea kupepesa, au katika Nissan ikibaki imewaka bila kuzima, gari linasema kwamba halijamtambua aliyeingia.

Sasa fikiria kinyume chake. Ikiwa taa imezima kama inavyopaswa na injini bado haiwaki, basi usimlaumu ufunguo, na usikubali kulipia usajili mwingine. Tafuta pampu ya mafuta, tafuta sensa ya mzunguko wa injini, tafuta fyuzi. Nimeona magari yaliyosajiliwa funguo mara tatu, huku tatizo likiwa ni tangi lenye mafuta kidogo na gari limeegeshwa mtelemkoni.

Injini haizunguki kabisa

Ukipiga stata na hakuna kinachosikika, au kinasikika kibofyo kimoja tu, anza na betri. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6 hivi, ikionyesha 12.2 imebaki na karibu nusu ya nguvu zake. Na ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa kupiga stata, ni dhaifu. Katika asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Lubumbashi huzimaliza betri nyingi zilizokuwa zikijikokota tangu miezi ya joto, na bahati mbaya ni kwamba mwenye gari huwa ametengeneza ufunguo mpya wiki hiyohiyo, hivyo lawama huuangukia ufunguo.

Yapo magari ambayo antidemaraji yake huzuia hata stata, hasa yale ya kuwashwa kwa kibonye. Katika hayo, betri ya ufunguo inapokufa gari huandika kwamba ufunguo haupo, ingawa umo mfukoni. Kanyaga breki, uguse kibonye cha kuwashia kwa kichwa cha ufunguo, kisha bonyeza. Chipu isiyohitaji betri imo ndani ya ufunguo huo pia, nayo husomwa ikiwa karibu sana na kibonye. Katika baadhi ya magari mahali pa kuuweka si kwenye kibonye bali ni kwenye kishimo maalumu kando ya usukani au karibu na gia.

Injini inazunguka, haiwaki, na taa inapepesa

Hii ndiyo dalili inayoleta watu wengi zaidi, na vyanzo vyake vifuatwe kwa mpangilio, kuanzia kile kisichogharimu kitu.

Chanzo cha kwanza ni kwamba ndani ya ufunguo mpya hamna chipu. Mtu hununua kasha zuri jipya, fundi hukata chuma na kuhamisha ubao wa remoti, lakini chipu hubaki imegandamana katika plastiki ya kasha la zamani, ambalo limekwisha kutupwa. Ikiwa ufunguo wa zamani upo, hata kama umevunjika, ushikilie kando ya kichwa cha ufunguo mpya, karibu kabisa na kontakti, kisha fungua kontakti. Taa ikizima, jibu limepatikana, na kilichobaki ni kuihamisha chipu kwa mkono mtulivu, kwa maana ile ya kioo hupasuka ikibanwa kwa koleo.

Chanzo cha pili ni chipu isiyo ya aina yake. Toyota pekee imetumia aina kadhaa kulingana na mwaka na soko: nyingine huitwa 4C, nyingine 4D, na katika funguo za baadaye herufi G au H hugongwa kwenye shingo ya chuma, hapo kinapoingia katika plastiki. Herufi hiyo ni ndogo na mara nyingi imejaa uchafu; ifute kwa kitambaa na uisome kwenye mwanga wa jua kabla ya kwenda kununua. Nissan na Renault nyingi hutumia ID46, na Volkswagen nyingi za kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 hutumia ID48. Chipu ya aina nyingine haitasajiliwa hata ukirudia siku nzima, kwa sababu lugha inayozungumza si ile ya kompyuta.

Chanzo cha tatu ni chipu ya aina sahihi iliyokwisha kutumika katika gari lingine. Baadhi yake zinaweza kusajiliwa upya, lakini ID48 ikishafungamanishwa na gari moja katika mifumo ya Volkswagen haiachii tena, na funguo nyingi za Toyota za kibonye hufunga vivyo hivyo mpaka zifunguliwe kwa kifaa maalumu. Anayekuuzia ufunguo uliotumika kwa bei ya kuvutia akuruhusu kuusomesha kwanza kwenye kisoma-chipu.

Chanzo cha nne ni pete yenyewe. Kila mara kasha la usukani linapofunguliwa, iwe kwa kurekebisha swichi ya taa au kwa kufunga kingʼora, waya wa pete unaweza kuvutwa na plagi yake kulegea. Hapo hata ufunguo wa zamani utakataliwa, na hicho ndicho kipimo: funguo zote zikikataliwa siku moja, kosa liko kwenye gari. Mashine ya kusoma hitilafu husaidia sana katika hatua hii. Katika Toyota, namba ya hitilafu B2795 husema kwamba ufunguo haulingani na kumbukumbu, wakati B2796 husema kwamba hakuna mawasiliano yoyote, yaani ama hamna chipu ama pete imekufa. Tofauti ya tarakimu moja hukuepusha na siku nzima ya kazi.

Kwa Nissan kuna jambo la pekee. Ukijaribu kuwasha kwa ufunguo usiotambuliwa mara tano au zaidi, mfumo hujifunga na kuandika P1610, na kutoka hapo hata ufunguo halali hukataliwa. Chukua ufunguo halali, fungua kontakti bila kupiga stata, subiri sekunde 5, funga, subiri sekunde 5, na urudie mpaka zitimie mara tatu, kisha washa. Watu wamebadilisha kompyuta nzima kwa kutojua hatua hiyo isiyochukua hata dakika moja.

Inawaka kwa sekunde moja au mbili kisha inazima

Dalili hii huonekana zaidi katika Volkswagen, Audi na Skoda. Kompyuta huruhusu mlipuko wa kwanza, kisha hukata mafuta baada ya kukosa jibu sahihi. Hitilafu 17978, ambayo pia huandikwa P1570, huthibitisha kwamba ni antidemaraji iliyozima injini. Zikikosekana hitilafu hizo na taa ikiwa imezima, rudi kwenye mafuta.

Kompyuta iliyotoka kwenye gari lingine

Nitakaa kidogo hapa, kwa sababu katika mji wetu ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Injini zilizotumika huingia kwa wingi, na mara nyingi hubadilishwa pamoja na kompyuta zake. Ila kompyuta hiyo inakumbuka funguo za gari ilikotoka, si za gari ilikoingia.

Mama mmoja muuza vitenge, mkazi wa Katuba, aliniletea Toyota yake ikiwa imevutwa kwa kamba. Alikuwa amekwisha kulipia funguo mbili katika sehemu mbili tofauti.

«Papa fundi,» akasema, «hawa wote wananiambia chipu ni mbaya. Chipu zote mbili?»

Nikamwuliza, «Mama, gari liliacha kuwaka lini, kabla ya ufunguo kupotea au baada yake?»

Akafikiri kidogo. Ufunguo ulipotea gari likiwa gereji, wiki lilipokuwa likitengenezwa injini.

Nilifungua sanduku la glavu na kuliondoa, nikamulika kwa tochi. Vumbi jekundu la kiangazi lilikuwa limetanda sawasawa juu ya kila kitu, isipokuwa juu ya kompyuta ya injini, iliyokuwa safi, yenye mikwaruzo mipya kwenye boliti zake, na namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe kwa mkono, kama wanavyoandika wauzaji wa vipuri vilivyotumika ili wasichanganye sehemu za magari waliyoyafungua. Chipu zote mbili alizonunua zilikuwa nzima. Zilikuwa zikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Katika Toyota nyingi za miaka ya karibu na 2000 kumbukumbu ya funguo iko ndani ya kompyuta ya injini yenyewe. Katika nyingi za baadaye iko katika kisanduku cha pekee nyuma ya dashibodi, nacho kisanduku na kompyuta hutambuana. Kwa hiyo unaponunua injini pamoja na kompyuta, dai vitu vitatu vilivyotoka gari moja: kompyuta, kisanduku cha antidemaraji kama kipo, na ufunguo wenye chipu yake, hata kama chuma chake hakitaingia kwenye kufuli lako. Chipu hiyo itahamishiwa kwenye ufunguo wako. Ukivikosa, fundi wa elektroniki anaweza kuisoma kumbukumbu ndogo ya miguu minane iliyo kwenye ubao na kuirudisha katika hali ya kupokea funguo mpya. Kazi hiyo inawezekana, lakini mwombe ahifadhi kwanza nakala ya yaliyomo kabla ya kubadili chochote, kwa sababu bila nakala hiyo kosa dogo halirekebishiki. Gari la mama yule liliwaka kwa njia hiyo, na mojawapo ya zile funguo mbili ndiyo anayoitumia.

Mashine inakataa kusajili

Ikiwa mashine haiwasiliani na gari hata kidogo, pima tundu la uchunguzi lenye matundu 16: tundu la 16 lazima liwe na volti za betri, na la 4 liwe na hasi. Katika magari mengi fyuzi ya tundu la uchunguzi ndiyo ileile ya kiwashia sigara, na chaja mbovu ya simu huiunguza bila dereva kujua.

Ikiwa inawasiliana lakini inakatika katikati, rudi kwenye betri. Kusajili hufanyika kontakti ikiwa wazi na injini imezimwa, yaani hakuna kinachochaji, huku taa na feni zikiendelea kula. Mimi sianzi kazi chini ya volti 12.4, na sitegemei umeme wa mtaani kuendesha chaja, kwa sababu ukikatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika, unaweza kuiua. Betri ya pili iliyoungwa sambamba ni salama zaidi.

Ikiwa inadai namba ya siri, usibahatishe. Katika baadhi ya magari ya kundi la Volkswagen, ukikosea mara kadhaa mfumo hujifunga kwa dakika 10, kisha muda huo huongezeka maradufu. Na usikatize subira ambayo mfumo wenyewe umeitaka: katika Toyota, kufuta kumbukumbu yote na kuanza upya kunaweza kuchukua dakika 16, na fundi anayechomoa waya katika dakika ya 12 kwa kudhani mashine imeganda ataanza tena mwanzo.

Zipo sababu nyingine mbili za kawaida. Kumbukumbu inaweza kuwa imejaa, kwa mfano mifumo mingi ya Ford hupokea funguo 8 tu. Au ufunguo unaoutumia kumwidhinisha mpya si ufunguo mkuu. Toyota za zamani zilitoka na ufunguo mweusi mkuu na wa kijivu wa msaidizi, na huo wa kijivu huwasha gari lakini hauwezi kuongeza ufunguo mwingine.

Mashine ikikubali kila kitu, fundi bado anapaswa kukuomba karti roze, yaani hati ya usajili wa gari, na kitambulisho kabla ya kugusa gari lisilo na ufunguo hata mmoja. Usikasirike, fundi asiyeuliza atamfanyia vivyo hivyo mtu aliyeliiba gari lako.

Ufunguo mpya unafanya kazi, wa zamani umekufa

Katika Volkswagen na magari kadhaa ya Ulaya, kila usajili huandika orodha upya, hivyo ufunguo usiokuwepo siku hiyo hufutwa. Hakuna kilichoharibika. Peleka funguo zote pamoja na zisajiliwe mfululizo.

Leo unakubali, kesho unakataa

Chunguza kwanza pete ya kubebea funguo. Ikiwa funguo mbili zenye chipu zimefungwa pamoja, zote hujibu kwa wakati mmoja na kompyuta haisikii hata moja. Zitenganishe na ujaribu kwa siku mbili. Kisha uliza kama ufunguo ulianguka sakafuni, kwa sababu chipu ya kioo yenye ufa hujibu ikitaka. Mwisho angalia plagi ya pete, hasa kama gari liliingiwa na maji ya mvua za kati ya Novemba na Machi.

Injini inawaka, remoti haifungui

Remoti husajiliwa peke yake, kwa hatua zake. Zaidi ya hapo, angalia mawimbi yake: funguo za Ulaya kwa kawaida hutumia megahezi 433.92, za Marekani 315, na magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hutumia mawimbi ya karibu na 315 ambayo si lazima yafanane. Remoti nzuri ya soko jingine, hata ikiwa na umbo lilelile na vibonye vilevile, haitasikika.

Kabla ya kuondoka kwa fundi

Jaribu kila ufunguo peke yake, mingine ikiwa imewekwa mbali na gari. Washa, zima, toa ufunguo, subiri taa ianze kupepesa, kisha washa tena, mara tatu. Halafu mwombe fundi akuonyeshe kwenye mashine idadi ya funguo zilizo kwenye kumbukumbu. Ukiwa na mbili mkononi na mashine ikasema tatu, ule wa tatu ni ule uliopotea, na yeyote aliyeuokota bado anaweza kuliwasha gari, ufutwe hapohapo. Kama ufunguo wako ulinakiliwa badala ya kuongezwa, mashine itauhesabu pamoja na wa asili kuwa mmoja, nalo ni jambo la kujua, kwa maana ukifutwa huo mmoja yote miwili hufa. Andika idadi hiyo, aina ya chipu, namba ya siri na namba ya kukatia chuma kwenye karatasi, na karatasi hiyo ibaki nyumbani, isikae ndani ya gari.